Tambi za mkono na meza ya familia katika miji ya dhahabu

Anayefika Kahama wakati wa jioni atakuta watu wengi wakila nje ya nyumba zao. Madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi wamekaa kwenye mabenchi ya mama lishe, vijana waliotoka machimboni wamelizunguka jiko la chipsi, na wafanyabiashara wa mchele wanakula wali kwa haraka huku simu zikiwa masikioni. Akitazama vizuri zaidi atagundua kwamba karibu wote ni wanaume, na kwamba kila mmoja anakula kivyake, hata kama benchi ni moja. Mke na watoto hawapo. Nao wana njaa saa ileile, lakini wanakula mahali pengine, bila baba.

Hali hiyo haikuletwa na utovu wa adabu. Imeletwa na namna kazi ilivyopangwa katika ukanda huu. Mwajiriwa wa mgodi mkubwa hufuata zamu, na chakula chake hupikwa kambini. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa hula karibu na shimo lake, ambalo wenyewe huliita duara, kwa mama lishe anayemwandikia deni mpaka mawe yasagwe. Dereva hula barabarani. Anaporudi mtaani siku yake ya mapumziko akiwa na fedha kidogo mfukoni, akataka kumtoa mkewe na watoto wakale pamoja, maswali huanza. Pale penye viti vizuri na taa nzuri, mara nyingi panauzwa pombe. Pale pasipo na pombe ni kibanda cha watu watatu kando ya vumbi la barabara. Basi hununua kuku wa kufungasha, akampeleka nyumbani katika mfuko, na matembezi ya familia yakaishia hapo.

Neno lenyewe mgahawa limetokana na kahawa. Kwa asili ni mahali pa kunywea kahawa, na mahali pa kahawa katika miji yetu pamekuwa pa wanaume tangu zamani: wazee, bao, habari za siasa. Hatuna ugomvi na baraza la kahawa. Tunasema tu kwamba miji yetu imerithi baraza hilo na haikujenga la pili, ambapo mama angeweza kuingia na watoto wanne bila kutazamwa kama mgeni aliyepotea njia.

Nchini Italia mahali pa aina hiyo pana jina lake, trattoria: chumba kimoja cha mtaani, mara nyingi mali ya familia moja, mama yuko jikoni, baba au binti anapeleka sahani, na wanaokula ni majirani pamoja na watoto wao. Orodha ya vyakula ni fupi. Kitu kikubwa kinachoandaliwa ni tambi, na mahali penye sifa tambi hizo hukandwa na kukatwa asubuhi ya siku hiyohiyo. Tumeitazama desturi hiyo kwa muda, na kadiri tulivyoitazama ndivyo tulivyozidi kuona kwamba inaweza kupandwa Shinyanga, Kahama, Geita au Katoro ikaota, tena bila shida kubwa ya udongo.

Tunajua msomaji atakavyosema: tambi ni chakula cha Wazungu, hapa Usukumani ni ugali, wali, michembe na samaki. Hapo inafaa kusimama kidogo, kwa sababu historia inasema vingine.

Mwaka 1154 mwanajiografia Mwislamu, al-Idrisi, alikamilisha kitabu chake kikubwa cha nchi na miji. Alikiandika katika kisiwa cha Sicily, kwenye ikulu ya Mfalme Roger wa Pili, ambaye alikuwa Mkristo. Kisiwa hicho kilikuwa kimekaa chini ya watawala Waislamu kwa takriban karne mbili, mpaka Wanormani walipomaliza kukiteka mwaka 1091. Akielezea kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, al-Idrisi anataja vinu vya maji na mashamba, kisha anaeleza kuwa hapo hutengenezwa kwa wingi chakula kiitwacho kwa Kiarabu itriyya, yaani tambi, na kwamba hupakiwa majahazini kupelekwa Calabria na kwingineko, katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Hiyo ni miaka 141 kabla Marco Polo hajarudi Venice kutoka China mwaka 1295, ingawa bado wako wanaosimulia kwamba ni yeye aliyewaletea Waitalia tambi. Neno la Kiarabu halikufutika. Kusini mwa Italia, katika mkoa wa Puglia, mpaka leo huliwa tambi na dengu kwa jina la ciceri e tria, na hiyo tria ni itriyya iliyopunguzwa kinywani. Nao Wahispania huziita tambi zao fideos, neno walilolipokea kutoka kwa Waarabu wa Andalusia.

Kwa hiyo Mwislamu anayekanda unga wa tambi hakopi chakula cha mtu.

Wala pwani yetu haikungoja pakiti kutoka dukani ndipo iyajue mambo haya. Tambi nyembamba zinazokaangwa katika samli, zikapikwa kwa tui, sukari, hiliki na zabibu, ni chakula cha futari na cha Idi kuanzia Lamu hadi Unguja, nazo zimepanda na njia ya reli mpaka Tabora na Shinyanga pamoja na pilau na kahawa. Tambi za dengu, ambazo mama zetu wanazikamua kwa kinu cha mkono moja kwa moja ndani ya mafuta ya moto, watoto huzinunua kila siku nje ya lango la shule. Aliyewahi kukizungusha kinu hicho tayari anaijua nusu ya kazi tunayoizungumzia.

Ndugu zetu Wasomali wamekwenda mbali zaidi. Kusini mwa Somalia kulitawaliwa na Italia hadi mwaka 1941, kisha Italia ikarudi kama mdhamini wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Wakoloni waliondoka, tambi zikabaki. Wasomali wanaziita baasto, mchuzi wake wanauita suugo, na wameukoleza kwa viungo vyao mpaka Mtaliano mwenyewe angehitaji kufundishwa. Eastleigh, Nairobi, sahani ya baasto huletwa na nyama ya mbuzi au ya ngamia na ndizi mbivu pembeni. Jambo linalostahili kuangaliwa hapo ni hili: chakula kilichokuja na mtawala wa kigeni kimekuwa chakula cha Kiislamu cha familia, na hakuna anayekula ndizi yake na tambi akifikiri yuko ugenini.

Sasa tuingie jikoni, kwa kuwa hapo ndipo wazo hili litakaposimama au kuanguka.

Tambi kavu za pakiti hutengenezwa viwandani kwa ngano ngumu na maji. Tambi mbichi za mayai, zile za kaskazini mwa Italia, zinataka unga wa ngano wa kawaida, uleule wa chapati. Kipimo chake ni chepesi kukumbuka: gramu 100 za unga kwa yai moja. Kilo moja ya unga na mayai kumi hutoa donge la karibu kilo moja na nusu, na donge hilo linatosha sahani kumi hadi kumi na mbili za mtu mzima. Unga unamwagwa mezani, unafanyiwa shimo katikati, mayai yanavunjwa humo na kuvurugwa kidogo kidogo mpaka yashikane. Kisha kazi ya mkono: kukanda kwa kiganja kwa dakika kumi bila huruma, mpaka donge lililokuwa na makunyanzi liwe laini kama ndewe ya sikio. Linafunikwa, linapumzishwa nusu saa. Asiyelipumzisha ataliona likijirudi kila anapolisukuma, kama chapati iliyokandwa na mtu mwenye haraka.

Baada ya hapo ni kibao na mti wa kusukumia, navyo havikosekani katika nyumba ya Mwislamu Kanda ya Ziwa. Donge husukumwa jembamba kuliko chapati, jembamba kiasi cha kuona kivuli cha mkono upande wa pili. Hunyunyizwa unga, hukunjwa mara kadhaa kama mkeka, hukatwa kwa kisu kikali, na vipande vikikunjuliwa ni tambi ndefu na pana. Katika maji yanayochemka yenye chumvi huiva kwa dakika mbili au tatu tu, wakati za pakiti hutaka kati ya nane na kumi na mbili. Mkaa unaookolewa hapo si mdogo, na mtoto mwenye njaa hangoji mpaka aanze kulia.

Uzuri wake una masharti. Donge la mayai halivumilii joto la Shinyanga. Likiachwa nje mchana kutwa huharibika, na yai bovu halina msamaha. Mpishi mwenye busara atakanda kidogo asubuhi na kidogo tena baada ya Alasiri, wala hatakanda leo donge la kesho. Umeme ukiwa wa kukatika, ipo tambi ya unga na maji bila yai, ambayo ndiyo desturi ya kusini mwa Italia, nayo ikitandazwa juu ya kitambaa safi katika hewa kavu hukauka na kukaa. Akina bibi wa Kisukuma waliokata viazi vitamu na kuvianika juu ya mawe ili wapate michembe ya kiangazi hawatahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Na kwa kuwa tumevitaja viazi: Waitalia wana vidonge viitwavyo gnocchi, vya kiazi kilichopondwa na kuchanganywa na unga, ambavyo huchemshwa mpaka vielee. Kiazi kitamu kinakubali kazi hiyo. Mtama, kwa bahati mbaya, haukubali ukiwa peke yake, kwa kuwa hauna ule mnato wa ngano unaoshikilia utando. Mpishi anaweza kuuchanganya kidogo tu ndani ya ngano, kwa ajili ya rangi na ladha ya nyumbani.

Mchuzi usitafutwe mbali. Nyanya, kitunguu, kitunguu saumu na mafuta ya alizeti vinatosha kwa sahani ya bei ndogo. Karanga zilizosagwa zinakwenda na tambi pana vizuri kuliko watu wanavyodhani. Sato na sangara wa Ziwa Victoria, ambao mkoa wa Geita unawapata kwenye mwambao wake, wakimenywa miiba na kuchemkia katika nyanya, wanatoa mchuzi ambao mtoto wa miaka mitatu anaula bila kushikiwa kijiko.

Samaki tumemtaja kwa makusudi. Katika ukanda huu, mgahawa hauwezi kuzungumzia nyama kama vile ni kitoweo kama vitoweo vingine. Mwishoni mwa mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 Kanda ya Ziwa iliingia katika mgogoro mchungu juu ya nani achinje mnyama ambaye nyama yake inauzwa kwa watu wote. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro huo ulizaa vurugu, na mchungaji mmoja wa Kikristo aliuawa. Mtu alipoteza uhai, na chanzo cha maneno kilikuwa bucha. Wapo wanaopendelea jambo hili lisitajwe katika kurasa za familia. Sisi tunaona kwamba familia ndizo zilizolibeba: katika koo nyingi za Kisukuma kaka ni Mwislamu na dada ni Mkristo, na ilipofika siku ya msiba au ya harusi ndizo zilizolazimika kujua sufuria ipi imepikwa nini.

Hivyo swali lile ambalo Mwislamu huuliza kwa sauti ya chini anapoingia mahali asipopajua, "Mama, samahani, nyama hii imechinjwa na nani?", linastahili kujibiwa kabla halijaulizwa. Mgahawa wa familia uandike ukutani, kwa Kiswahili cha kawaida, nyama yake inatoka machinjio gani na imechinjwa vipi. Usiwe tayari kununua nyama ya kupita mlangoni hata ikiwa nafuu. Na siku ambayo hauna uhakika, upike samaki, ambaye kila aliyepita chuoni anajua kwamba hahitaji kisu cha mchinjaji, au upike nyanya na karanga. Hapa tambi zina fadhila moja ambayo pilau haina: pilau bila nyama inaonekana kama imekatwa mkono, lakini tambi na nyanya ni chakula kamili, kinachoweza kuwekwa mbele ya jirani Mkristo na jirani Mwislamu bila yeyote kati yao kumwomba mwenzake radhi. Al-Idrisi aliziona zikipakiwa kwenda kwa wote wawili.

Kuhusu mahali penyewe hatuna mengi, maana kila mama anajua anachokikosa anapotoka. Maji ya kunawa yanayotiririka, na si beseni moja la watu wote. Choo safi kinachofungwa kwa ndani. Kona ambapo mama anaweza kunyonyesha akiwa amestirika. Mkeka na mahali pa kutawadha, kwa kuwa Magharibi huingia katikati ya muda wa kula. Jiko liwe wazi, watoto waone donge likisukumwa; kwa mtoto wa mjini ambaye chakula hukiona kikitoka katika mfuko, hilo ni darasa zima. Televisheni, kwa maoni yetu, isiwepo. Baba aliyekuwa machimboni wiki tatu hakuja pale kutazama mpira, au kama ndilo alilojia basi baraza la kahawa bado liko wazi. Meza ziwe kubwa, na sinia liwepo kwa wanaotaka kula pamoja kwa mkono, kama ilivyo sunna na kama Wasomali wanavyozila tambi zao hata leo. Uma si sharti la tambi.

Lipo swali la soko, nalo ni zito. Biashara nyingi za chakula katika miji hii zimejengwa kutazama lango la mgodi. Mgodi ukistawi, hoteli zinajaa; mgodi ukifunga, viti vinauzwa. Kahama imeliona hilo kwa macho yake: Buzwagi, mgodi ulio jirani kabisa na mji, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia 2021 ulikuwa umemaliza. Mgahawa wa mtaa unajengwa kwa hesabu nyingine. Wateja wake ni mwalimu, muuguzi, mwenye duka la vitambaa, fundi cherehani, mchuuzi wa mchele, watu ambao walikuwepo kabla ya mgodi na watakuwepo baadaye. Hawana fedha za kula nje kila siku. Wanazo za kula nje mara moja kwa wiki ikiwa sahani haizidi sana gharama ya kupika nyumbani, na hapo ndipo unga na mayai vinaposhinda kuku mzima. Hatari iko kwenye unga: sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini huagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei yake hupanda na kushuka kwa sababu ambazo Kahama haina sauti nazo. Anayeanza asijifunge kwa chakula kimoja. Wali wa Shinyanga uendelee kuwepo kwenye orodha, na viazi vitamu visimame karibu.

Na mtaji? Akina mama wa Kiislamu wengi wanaoweza kazi hii hukwamia hapo, kwa kuwa mikopo inayowafikia haraka ni ya riba, na baadhi yao wamekwisha kuuza cherehani na vitanda ili kuilipa. Lakini ipo njia ambayo haisemwi vya kutosha misikitini. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Halmashauri zenye migodi hupokea pia ushuru wa huduma kutoka kwa kampuni za uchimbaji, na ushuru huo ni sehemu ya mapato hayo ya ndani. Maana yake ni kwamba kikundi cha akina mama wa Geita kinachokopa kwa ajili ya meza, sufuria kubwa na jokofu kinakopa, kwa sehemu, dhahabu iliyochimbwa chini ya wilaya yao wenyewe. Waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, wakiwa na kikundi kilichosajiliwa na hesabu iliyoandikwa. Na wapime afya kama sheria inavyomtaka kila anayeuza chakula.

Tungemshauri atakayethubutu asifungue Idi mosi kwa shangwe na turubai. Aanze kimya kimya mwezi wa Rajabu, awapikie majirani wachache, aujue unga wake na mayai ya mtaa wake, ambayo ni madogo na huenda yakataka kumi na mawili badala ya kumi. Shaaban aongeze meza. Ramadhani ikiandama, saa ya futari, watu watamjia kutafuta tambi za sukari na tui kama walivyozoea. Na pembeni mwa sinia hilo awawekee bakuli dogo la zile nyingine, za samaki na nyanya, wazionje kabla ya kukimbilia Isha na tarawehe.